Kimya Kwanza, Mkanda Baadaye

Wifi yangu walimpa jina la Bi Kimya watu ambao hawajawahi kuishi naye. Nyumbani kwetu, dada huyu wa mume wangu akianza kusema, hata redio inajionea haya. Anajua nani kamnunia nani na kwa sababu gani, na chumvi ya mchuzi wangu haijawahi kumtosha tangu niolewe. Lakini ukimkuta kazini, na koti lake jeupe na viatu vyake vya raba visivyotoa sauti, utadhani ni mtu mwingine kabisa.

Ni nesi. Alikaa wodini miaka mingi, akainua wagonjwa mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Kisha wakubwa wa elimu wakaanzisha huduma ya afya kwa watumishi wa shule za serikali, wakamhamishia huko. Wenyewe walisema kwamba mtumishi mwenye afya ndiye shule yenye afya. Wifi alisema walimu walikuwa wanakufa kabla ya kustaafu na watu wamechoka kuzika.

Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya ramani, katika shule ambayo mimi ni karani. Walitoa ramani, wakaacha tufe lililobonyea upande wa bahari, na ile mifupa ya plastiki ya somo la sayansi inayoning'inia kwenye ndoano pembeni. Walimu wakiingia huiamkia. "Shikamoo mwalimu, bado unasubiri kupandishwa daraja?" Wifi aliomba iondolewe, akaahidiwa, na mifupa ikabaki pale pale.

Walikuja kutoka shule zote za karibu: walimu, wapishi, walinzi, madereva wa magari ya elimu. Mmoja koo limekauka kwa kupigia kelele darasa lililojaa, mwingine mgongo umekataa kwa kuinamia madaftari. Wengine walikuja kulia tu. Wifi aliwapa kitambaa, akawaacha walie, akawauliza kama wamekula. Sijawahi kumsikia akimsema hata mmoja wao nyumbani, naye ni mtu anayemsema kila mtu.

Alikuwa na sharti moja, nalo ndilo lililompa jina. Kimya kwanza, mkanda baadaye. Mwalimu akitoka darasani amegombana na watoto, kisha akapanda ngazi anahema, presha utakayoisoma kwenye mkanda ni ya ule ugomvi. Kwa hiyo alikukalisha kwenye kiti kikubwa cha mbao chenye mikono, nyayo chini, viganja juu ya mikono ya kiti, ukae dakika tano bila neno. Na kwa kuwa mwalimu hawezi kunyamaza palipo na msikilizaji, alitoka nje akarudishia mlango, akasimama barazani mpaka muda uishe. Saa ya ukutani aliitoa siku za mwanzo kabisa, maana watu walikuwa wanaihesabu badala ya kutulia.

Mimi nilikaa kwenye kimya kile mara moja tu. Ukiwa peke yako na ile mifupa, chumba kinakusogelea. Nilitoka kabla wifi hajarudi, nikamwambia nimeitwa na mwalimu mkuu. Tangu hapo, kila akiniambia, "Wifi, njoo nikupime," mimi nina jambo la haraka.

Sikuwa peke yangu. Mkuu wa wakwepaji alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mnene, mcheshi, mwenye kalamu nyekundu mfukoni kama silaha. Wifi alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa iliyoandikwa: Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwalimu yule aliingia kusalimia tu, akachomoa kalamu, akaandika chini yake: "Saba juu ya kumi. Fafanua." Wifi alikasirika siku nzima, ila karatasi hakuibandua. Kila alipomwita aje kupimwa, alijibu, "Kesho, dada yangu, kesho," huku anatembea. Shule nzima ikamwita Bwana Kesho, na yeye akaitikia.

Siku aliyokuja ilikuwa wakati wa mitihani, saa ya mapumziko. Alikuja mwenyewe, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, ameshika kisogo.

"Dada, ile kesho imefika," akasema.

Wifi akacheka, akamkalisha. Alimwona jasho, alimwona anahema, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kumtaka atulie kwanza. Akaweka mkanda mezani tayari, akamwambia asiseme na mifupa, akatoka. Alisimama barazani anatazama watoto wanavyogombania mpira. Kengele ikalia, watoto wakaingia madarasani, naye akafungua mlango.

Bwana Kesho alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha. Nyayo chini, viganja juu ya mikono ya kiti, macho mbele. Katika maisha yake yote hakuwahi kufuata maagizo vizuri namna ile. Mkanda ulikuwa bado mezani.

Daktari alisema hata angepimwa papo hapo asingewahi kufika popote. Mwalimu mkuu alisema hivyo hivyo. Mjane wake mwenyewe alikuja kumshika wifi mikono, akamwambia hana kinyongo. Na kweli, wifi hakukosea. Lakini nimejifunza kwake kwamba mtu anaweza kutafunwa na jambo alilolifanya sawasawa, maana la kosa angalau unaomba msamaha likaisha.

Baada ya mazishi alileta kiti cha plastiki kwa ajili ya watu. Kile cha mbao alikisukuma ukutani, chini ya mifupa, wala hakuna aliyekikalia tena. Sharti lake hakulibadilisha. Watu walikaa kimya kwenye plastiki, wakikitazama cha mbao.

Wiki chache zikapita, akaja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Wifi, nikikuuliza kitu hutanicheka?"

"Nitakucheka. Uliza."

Hakunitania. Akakaa, akasema polepole, "Mle chumbani kuna moyo unapiga."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Akasema mchana, watoto wakiwa madarasani na shule imetulia, ukikaa mle peke yako unausikia. Du-du. Du-du. Haukimbii wala hausiti. Unatoka upande wa kile kiti.

"Ni bomba," nikasema. "Stoo zote zina bomba bovu."

"Haya, ni bomba."

Nikamwita fundi bomba. Akagonga kuta, akalala chini kifudifudi na sikio sakafuni, akainuka akasema chumba kile hakijawahi kupitishwa bomba. Nikasema basi ni friji ya dawa. Tukaichomoa, ikatoa mkoromo wa mwisho, ikanyamaza. Wifi akasimama katikati ya chumba, kichwa ameinamisha upande.

"Sasa ndiyo namsikia vizuri," akasema.

Sikuupenda ule mgeuko. Asubuhi alisema kuna kitu, mchana amesema kuna mtu. Nami sikusikia kitu, maana nilikuwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Kuna siku nilimpelekea barua za ofisi ya elimu nikaingia bila hodi. Mkanda wa kupimia, ule wa zamani wa kujaza upepo kwa mkono, alikuwa ameufunga kwenye mkono wa kile kiti cha mbao. Ameufunga vizuri, kama anavyomfunga mtu, na vidole viwili amevipitisha chini yake kuhakikisha haubani. Alikuwa amechuchumaa kando, mipira ya kusikilizia masikioni, anatazama mshale wa kipimo unavyoshuka. 

"Wifi!"

Aliinua kidole nisiseme. Akangoja. Kisha akachomoa mipira masikioni.

"Nikivaa hii ndiyo namsikia zaidi," akasema kwa sauti yake ya kazini, ile tulivu. "Anapiga kwa nguvu sana. Zaidi ya juzi. Alikuja kupimwa, wifi, akaondoka hajapimwa. Anangoja zamu yake."

"Mtu tumemzika! Mimi mwenyewe nimechapa tangazo!"

"Najua tumemzika," akasema, akaanza kufungua mkanda taratibu, ili usimvute aliyevaa.

Hapo ndipo nilipoogopa, na sikuogopa mzimu. Niliogopa kwamba wifi atatufia. Maana nilipomwangalia vizuri, jambo nililopaswa kulifanya zamani, niliona mtu aliyekwisha. Miguu imevimba juu ya viatu vya raba. Akiinuka anashika ukuta. Nyumbani alikuwa ameacha kuniambia mchuzi hauna chumvi, na mimi mjinga nikashukuru. Kichwa kilimuuma kisogoni kila siku, na kila siku alisema ni miwani.

Jioni ile nilimtolea uvivu jikoni.

"Wewe umepimwa lini?"

"Nani anipime? Kinyozi hajinyoi."

"Kuna hospitali nzima huko mjini."

"Nitakwenda. Nikishamalizana na huyu."

"Huyu nani?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa, akachukua sahani yake akaenda chumbani kwake uani.

Sauti ikamfuata nyumbani. Aliniambia hivyo kwa maneno machache, akianika nguo: "Amekuja mpaka huku." Akawa anaacha redio inaongea mfululizo, habari, matangazo, mpira asioupenda, ili asimsikie. Watoto wangu wakaanza kuogopa kupita mlangoni kwake. Mume wangu, ambaye akiona tatizo hulipelekea watu wengine, akasema dada aombewe. Akaombewa. Walikuja watu wazuri, wakasema maneno mazuri, na walipofika kwenye kimya cha mwisho, vichwa vimeinama, nilimwona wifi anafumba macho kwa nguvu kama mtu anayesubiri sindano. Kimya hakimfai tena mtu ambaye kazi yake yote ni kimya.

Na aliendelea na kazi! Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza. Aliwapima wapishi, akawakemea madereva kwa kuongeza sukari kwenye chai, akamtuma mwalimu mmoja hospitali kwa namba ambazo alisema hazingojei. Mwalimu yule alipona, akaleta keki. Aliokoa watu kwa mkono mmoja, na mwingine ameshika ukuta.

Likizo ikafika. Hamjui kitu kinachoitwa kimya kama hamjawahi kukaa kwenye shule isiyo na watoto. Madawati yamepandishwa juu ya madawati, kengele imening'inia, na korido inarudisha hatua zako mwenyewe mpaka unageuka kutazama nani anakufuata. Sisi wa ofisini hatuna likizo. Wifi naye alikuwa haji nyumbani kula mchana. Nikamfuata.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakitazama cha mbao. Uso umevimba. Nikaapa moyoni kwamba leo sitoki mle bila yeye, hata kama ni kumbeba mgongoni.

"Kaa," akaniambia. "Leo hakuna watoto. Utamsikia."

Nikakaa juu ya meza. Sikuwa na hamu, ila nilishaapa. Nikabana pumzi. Tufe, mifupa, karatasi ukutani na ile kalamu nyekundu: Fafanua. Nilisikiliza kwa moyo mweupe kabisa, sikusikia kitu.

"Huyo," akanong'ona. "Humsikii? Huyo hapo. Anapiga haraka leo."

Akaanza kunipigia. Kwa kidole kimoja, juu ya goti lake, polepole ili nifuate: du-du, du-du, du-du. Macho yake yalikuwa kwenye kiti. Yangu yalikuwa kwake, kwa kuwa sikuthubutu kutazama kiti. Ndipo nikaona shingo yake. Upande wa kushoto, chini ya taya, mshipa ulikuwa unaruka. Ulikuwa unaruka waziwazi, unainua ngozi. Nikatazama kidole. Nikatazama shingo. Kidole, shingo. Kidole, shingo. Havikupishana hata mara moja.

 Mimi si nesi, nimesomea kuchapa barua, lakini macho ninayo.

"Wifi," nikasema, "inuka ukae pale."

"Wapi?"

"Kwenye kiti chake."

Akanijia juu. Aliniambia sina adabu, sina huruma, nimeolewa kwao juzi. Juzi yenyewe ni miaka ishirini! Nikamshika makwapani nikamvuta, na wepesi wake ulinitia uchungu. Nikamkalisha kwenye mbao. Viganja akaviweka mapajani, akikwepa mikono ya kiti. Nilichukua mashine ile mpya ya betri, ya kubonyeza tu, nikamkunja mkono wa koti.

"Kimya kwanza," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Dakika tano, wifi. Usipotulia haisomi kweli. Toka nje, rudishia mlango."

Kumbe alikuwa anataka. Nafikiri mpaka leo kwamba miezi yote ile alikuwa anataka mtu amkalishe pale, amfungie mlango, iwe sawa kwa sawa.

"Sitoki," nikasema. "Kimya chako kimeshaua mtu mmoja humu."

Ni neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu, nami nililisema.  Nikafunga mkanda upande si wenyewe, akanielekeza kwa kidevu, nikaugeuza. Nikabonyeza.

Mashine ikanguruma, ikabana. Ikaanza kulegea, ikasita, halafu yenyewe ikabana tena, zaidi, kama haikuamini ilichokutana nacho. Wifi akaacha kulia. Alikuwa anaijua ile tabia ya mashine. Zilipotokea namba, alijifuta macho, akainama, akazisoma, na uso wake wa kazini ukarudi mahali pake.

"Huyu mtu," akasema kwa utulivu, "apelekwe hospitali sasa hivi. Asitembee. Ita dereva."

"Mtu gani, wifi?"

Akageuka kutazama mifupa. Akatazama mlango. Kisha akafuata mpira wa mashine kwa macho, taratibu, kutoka mezani, juu ya mkono wa kiti, mpaka ulipoingia kwenye mkanda, na chini ya mkanda akaona mkono wake mwenyewe.

Dereva wa ofisi ya elimu ndiye aliyembeba, mtu yule yule aliyekuwa akikemewa kwa sukari. Hospitali walimlaza. Daktari kijana akaniambia kwamba presha ikipanda hivyo, wengine husikia mapigo yao wenyewe masikioni, hasa mahali palipotulia, na wakiziba masikio ndiyo zaidi. Akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia kwa sauti, mpaka mtu wa usafi akaniletea maji.

Sasa nitasema jambo ambalo mume wangu halijui. Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilirudi shuleni kuchukua mkoba wa wifi. Nilikuwa nimepanda ngazi mbiombio. Chumba kilikuwa wazi, mashine mezani, kiti kikiwa kimegeuka kidogo kama alivyokiacha. Nikauchukua mkoba. Nikasimama. Na nikausikia.

Du-du. Du-du. Taratibu, upande wa kiti.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nilijikuta getini, kiatu kimoja mkononi, mlinzi ananiuliza kama nimekutana na nyoka. Nikamwambia ndiyo.

Wifi alipona, kama anavyopona mtu wa vidonge vya kila siku. Bega lake limeshuka zaidi, mguu mmoja unavuta kidogo, lakini mdomo umerudi na mchuzi wangu umerudi kukosa chumvi. Kazini alirejea. Kiti cha mbao alikirudisha katikati ya chumba, akakifuta, na watu wanakikalia. Kimya bado ni kwanza. Tofauti ni kwamba sasa hatoki. Anavuta kile cha plastiki, anakaa kando yako, anakushika kifundo cha mkono, na mnanyamaza wote wawili. Walimu waliokuwa hawawezi kunyamaza mbele ya mtu wananyamaza. Sijui anawafanyaje.

Aliniambia mara moja tu kuhusu ile sauti. Tulikuwa tunachambua mboga. "Vidonge vilipoingia," akasema, "ilipungua, ikapungua, siku moja nikaamka haipo. Nilipaswa kufurahi, wifi. Nililia. Niliona kama nimemwacha peke yake tena." Kisha akasema mboga zangu zina mchanga.

Mimi nilichambua mchanga. Ningesema nini? Kwamba yupo? Kwamba nimemsikia kwa masikio yangu, na tangu siku ile namsikia ofisini mashine ya kuchapia ikizimwa, namsikia bafuni, namsikia mume wangu akiacha kukoroma? Mimi niliyeona shingo ile. Mimi niliyemkalisha mwenzangu kwa nguvu. Nilikuwa nimekwisha kumkubali Bwana Kesho, mzito, mcheshi, na chaki zake, kwamba amenihamia. Niliona ni afadhali kuishi naye. Na kila wifi aliponiambia, "Njoo nikupime," nilikuwa na jambo la haraka.

Juzi alikuja ofisini wakati wa mapumziko. Hakuniita. Alizunguka meza, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea, akanipitisha koridoni mbele ya walimu na wanafunzi wote, akanikalisha kwenye kiti cha mbao. Akakaa kando, akanishika kifundo cha mkono. Nilifungua mdomo nikaona neno linalokuja, lile lile moja la mtu wa kalamu nyekundu: kesho. Nikalimeza.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia, milango ikafungwa, shule ikatulia.

Akaja. Du-du, du-du, kwa nguvu, kisogoni pangu kabisa, kama mtu aliyeinama nyuma ya kiti. Mkono wa kiti ulikuwa wa moto chini ya kiganja changu. Nilijikaza, nikashindwa.

"Wifi," nikanong'ona. "Unamsikia?"

Alikuwa ananitazama shingoni, sijui tangu lini.

"Mimi niliacha kumsikia siku nyingi," akasema, akavuta mkanda kutoka mezani. "Huyo ni wako. Leta mkono."